Ukwangala na Sauti Nne: Kwaya za Mbeya na Iringa katika Historia ya Uimbaji wa Pamoja

Mtu wa visiwani akitajiwa duka la kinyozi humjia akilini mambo mawili: wembe na maneno. Kwa kinyozi ndiko habari za mji zinakokatwa pamoja na nywele. Ndiko wazee wanakongojea zamu zao wakizungumzia bei ya karafuu, mpira na mauti. Nyimbo, ikiwa zipo, hutoka redioni. Kwa hivyo huenda msomaji akastaajabu kusikia kwamba iko fani nzima ya uimbaji duniani inayobeba jina la duka la kinyozi, na kwamba fani hiyo ina vyama, katiba, mashindano na mabingwa wake.

Fani hiyo ilizaliwa Marekani katika karne ya 19, na waliyoizaa aghalabu walikuwa watu weusi. Kinyozi katika mitaa yao alikuwa na kiti, kioo na baraza; vijana waliokuwa wakisubiri zamu walipitisha wakati kwa kutafuta sauti. Mmoja alishika wimbo, wa pili akapanda juu yake, wa tatu akateremka chini kabisa, na wa nne akajaza pengo lililobaki. James Weldon Johnson, mshairi mweusi aliyezaliwa Jacksonville, aliandika mwaka 1925 kuhusu vikundi vya namna hiyo alivyovijua tangu utotoni. Louis Armstrong naye, kabla hajawa bingwa wa tarumbeta, aliimba na watoto wenzake katika mitaa ya New Orleans. Hata hivyo, chama cha kuihifadhi fani hiyo kilipoundwa mjini Tulsa mwaka 1938, waanzilishi wake walikuwa wazungu, na hadi mwaka 1963 watu weusi hawakukubaliwa kuwa wanachama. Wanawake walisubiri zaidi: mlango wa uanachama kamili haukufunguliwa kwao hadi 2018. Mwaka 1992 mtafiti Lynn Abbott alichapisha uchunguzi ulioirudisha asili ya fani hii kwa wenyewe. Basi historia ya duka la kinyozi inatufundisha jambo moja tangu mwanzo: wimbo unaweza kuhifadhiwa kwa bidii kubwa na wakati huo huo mwenye wimbo akasahauliwa mlangoni.

Nimeanza mbali kwa makusudi. Swali ninalotaka kulijadili ni la kwetu. Je, hapa Tanzania tunayo jamaa ya watu wanaokutana, bila ala, ili kuzipatanisha sauti nne, wakawa na uongozi, sare na sheria zao? Tunayo, tena kwa maelfu, ila sisi wa pwani hatuitazami sana kwa sababu haikuzaliwa kwetu. Ni kwaya. Na kama kuna upande wa nchi ambao kwaya imeota mizizi kama chai ilivyoota Mufindi na Tukuyu, ni Nyanda za Juu Kusini, yaani Iringa na Mbeya pamoja na mikoa iliyomegwa kutoka kwao, Njombe mwaka 2012 na Songwe mwaka 2016.

Abiria anayetoka Dar es Salaam huijua nchi hiyo kwa masikio kabla hajaijua kwa macho. Basi likishapanda mlima Kitonga, joto la bonde la Ruaha hubaki nyuma, madirisha hufungwa, na kaseti au kisahani cha dereva hubadilika. Bongo fleva na taarabu ya mipasho hupisha kwaya. Ipogolo, Mafinga, Makambako, Uyole: kila kituo kina wauza kanda wake, na siku hizi wauza nyimbo za kuhamishia katika simu. Msafiri akilala Mbeya chini ya mlima Loleza Jumamosi jioni, atasikia kutoka pande tatu au nne za mji mazoezi ya kesho: mstari mmoja ukirudiwa mara kumi, kwanza na sauti ya nne peke yake, halafu na ya tatu, halafu wote kwa pamoja, mpaka mwalimu aridhike.

Mwaka wa kuukumbuka ni 1891. Mwezi Agosti mwaka huo, Wahehe wa Mkwawa walilishinda jeshi la Wajerumani pale Lugalo, karibu na Iringa. Mwaka huo huo, kusini zaidi, wamisionari wa Kijerumani wa Kanisa la Moravian walifika chini ya mlima Rungwe katika nchi ya Wanyakyusa, na wenzao wa Misheni ya Berlin wakaongozwa na Alexander Merensky kuanzisha kituo chao cha kwanza katika nchi hiyo hiyo. Kwa hiyo mkuki na kitabu cha nyimbo vilikutana na Mjerumani mwaka mmoja. Kalenga, ngome ya Mkwawa, ilianguka mwaka 1894, na Mkwawa mwenyewe akajiua mwaka 1898 ili asishikwe. Baada ya hapo misheni zilienea: Wamoravian wakafika Mbozi kwa Wanyiha mwaka 1899, Waberlin wakapanda katika nchi ya Wakinga, Wabena na Wahehe, Wakatoliki wakajenga Tosamaganga karibu na Iringa, kwanza Wabenediktini, kisha, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Wakonsolata kutoka Italia.

Hawakuyakuta masikio matupu. Wahehe walikuwa na ligombo, zeze la ubao wenye mfano wa beseni, ambalo mwimbaji alilipiga huku akisimulia habari za watawala na vita. Hugh Tracey, aliyezunguka Tanganyika mwaka 1950 na mashine yake ya kurekodi, aliacha kumbukumbu za uimbaji wa watu wa bara ambazo hadi leo zinasikilizwa. Kaskazini ya Wahehe wako Wagogo, ambao uimbaji wao wa sauti nyingi umewashangaza wataalamu: sauti hupangwa kwa kufuata zile zinazozaliwa zenyewe katika uzi unaotetemeka, wala hakuna mmisionari aliyewafundisha. Kuimba kwa kupokezana, mmoja akitangulia na wengi wakiitikia, kulikuwa desturi ya kila mahali, shambani na msibani.

Lakini urithi mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, haukuwa wa sauti bali wa namna ya kukaa pamoja. Monica Wilson, aliyewachunguza Wanyakyusa pamoja na mumewe Godfrey kati ya 1934 na 1938, alieleza katika kitabu chake cha 1951 jinsi vijana wa kiume wa Kinyakyusa walivyotoka katika nyumba za wazazi wao na kujenga kijiji chao wenyewe, watu wa rika moja. Walilima, wakala na kuzeeka pamoja. Fadhila iliyokuwa juu ya zote katika kijiji hicho iliitwa ukwangala: kufurahia kukaa na wenzako, kuzungumza nao kwa adabu, kula nao kutoka chungu kimoja, kutojitenga. Mtu aliyekula peke yake alitiliwa shaka. Vijiji hivyo vya rika vilidhoofika kwa kodi, kazi za mbali na uhaba wa ardhi. Ila anayeingia leo katika mazoezi ya kwaya ya vijana, akawaona wanavyongojeana, wanavyotaniana na wanavyogawana muhogo na chai baada ya mazoezi, ataona kwamba ukwangala haukufa. Umehamia katika benchi la kwaya. Na ukwangala ndio uliowakusanya wale vijana wa Jacksonville na New Orleans pia. Sauti nne haziwezi kupatana kama wenye sauti hawajapatana.

Wamoravian walikuja na hazina yao. Hao ni watu wa Kanisa ambalo mizizi yake iko Bohemia, na ambao mababu zao walikwisha kuchapisha kitabu cha nyimbo mwaka 1501, kabla Luther hajatokeza. Kwao ibada bila kuimba si ibada, na tarumbeta hupigwa makaburini alfajiri ya Pasaka. Walutheri wa Berlin nao walikuwa na nyimbo zao za sauti nne. Nyimbo hizo zilifasiriwa katika Kinyakyusa, Kinyiha, Kihehe, Kibena na baadaye Kiswahili, na hapo ndipo ilipotokea taabu ambayo mpenzi wa mashairi ataielewa upesi kuliko mtu mwingine.

Mstari wa wimbo wa Kijerumani mara nyingi humalizia kwa silabi yenye nguvu, na tuni hutungwa hivyo: nota ya mwisho huangukia pale penye uzito. Kiswahili hakina silabi hiyo. Mkazo wetu hukaa, karibu siku zote, katika silabi ya pili kutoka mwisho, na silabi ya mwisho hupumzika. Mfasiri aweke neno kama mwokozi mwishoni mwa mstari wa namna hiyo, naye ataisikia kwaya ikiitupa nguvu yote juu ya zi, kana kwamba neno ni geni kwa waimbaji wake. Mshairi wa pwani huhesabu mizani na kutafuta vina. Muziki wake wa asili, kwa kuwa ni wa kukokota na kupindapinda sauti, humpa nafasi ya kuitandaza silabi yoyote bila kuiumiza. Tuni ya Kijerumani haina nafasi hiyo: silabi moja, nota moja. Kinyakyusa kina mkazo kama wa Kiswahili, kwa hivyo kiliumia kwa namna hiyo hiyo. Kihehe, Kibena na Kinyiha viliumia zaidi, kwa kuwa ni lugha za toni: sauti ikipanda pasipotakiwa kupanda, maana yenyewe yaweza kuyumba.

Na tuseme pia neno moja juu ya istilahi. Sisi tukisema utenzi tunamaanisha ubeti wa mishororo minne yenye mizani minane, wenye kina cha mwisho kinachorudi ubeti baada ya ubeti. Mkristo wa bara akisema tenzi, na hasa akitaja kitabu cha Tenzi za Rohoni, anamaanisha nyimbo za ibada ambazo nyingi ni tafsiri na hazifuati bahari hiyo. Si kosa la kugombania. Ni dalili kwamba neno la pwani lilipopanda milimani lilipokewa kwa heshima, ila kanuni zake hazikupanda nalo.

Walikuwapo wamisionari walioiona taabu hii. Traugott Bachmann, aliyeishi na Wanyiha huko Mbozi tangu mwaka 1899, alianza kama wenzake kwa kuzikataa ngoma na mila. Miaka ikambadilisha, na akafikia kuamini kwamba Mnyiha aweza kumwabudu Mungu akiwa Mnyiha, kwa sauti za nchi yake. Kwa upande wa Wakatoliki, Padre Stephen Mbunga, mwana wa Nyanda za Kusini upande wa Peramiho, alichapisha mwaka 1963 kitabu kinachochunguza sheria za Kanisa juu ya muziki na nafasi ya muziki wa Kibantu ndani yake. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliokaa kuanzia 1962 hadi 1965, ulifungua mlango huo wazi, na ngoma zikaingia altareni. Huko Makumira karibu na Arusha, Howard Olson, mwalimu wa Kilutheri kutoka Marekani, aliwahimiza wanafunzi wake waliotoka kila upande wa nchi kutunga kwa sauti za kwao, na mwaka 1968 likatoka kusanyo la Tumshangilie Mungu. Wanafunzi hao walirudi makwao wakiwa wachungaji, na nyimbo zikarudi nao.

Hata hivyo, si wamisionari waliofanya kwaya kuwa ya watu. Ni vita viwili na walimu wa vijijini. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yaliingia Tukuyu na Iringa. Wamisionari wa Kijerumani wakaondolewa, na kwa miaka kadhaa vituo vya Rungwe na nchi za jirani vikaangaliwa na Waskoti wa Livingstonia kutoka Nyasaland. Wajerumani walirudi katikati ya miaka ya 1920, na mwaka 1939 vita vya pili vilipozuka wakakamatwa tena. Kila mara mzungu alipoondoka, mwalimu Mwafrika ndiye aliyebaki na kengele, ubao na kitabu cha nyimbo. Yeye ndiye aliyeamua nani aimbe sauti gani. Hata neno kwaya ni la Kiingereza, si la Kijerumani: lilishika wakati ambao Mjerumani hakuwapo.

Waskoti walikotoka, maandishi ya muziki yaliyozoeleka ni yale ya herufi za do, re, mi, yaliyoenezwa Uingereza na John Curwen katika karne ya 19 ili watu maskini wasio na piano wajifunze kuimba. Ubora wa maandishi hayo kwa mwalimu wa kijiji ni dhahiri: hayahitaji karatasi ya mistari mitano wala ala, kalamu, daftari la shule na koo vyatosha. Mwalimu huandika sauti nne moja chini ya nyingine, hutafuta do yake kwa sikio, na kuwapa kila kundi nota ya kuanzia. Wengi wa waimbaji hawasomi maandishi hayo; hukariri kwa kusikia. Daftari ni la mwalimu, na aghalabu ndiyo nakala pekee ya wimbo duniani.

Iko njia ya tatu ambayo sauti nne ziliipitia hadi milimani, nayo ni njia ya kazi. Katika miaka ya 1930 dhahabu ya Lupa, wilayani Chunya, iliwakusanya vibarua kutoka kila kabila, na mji wa Mbeya ukakua kwa ajili yake. Wengine walivuka mpaka kwenda kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini. Wengine waliandikishwa kwenda migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, mpaka serikali ya Tanganyika huru ilipoikomesha biashara hiyo baada ya 1961. Huko Kusini mtu mweusi alikuwa akiimba sauti nne kwa muda mrefu. Kikundi cha waimbaji weusi wa Marekani kilichoongozwa na Orpheus McAdoo kilitua Cape Town mwaka 1890 na kuzunguka nchi hiyo kwa miaka, na waimbaji wa Kiafrika wakakisikiliza kwa makini. Mwaka 1897 Enoch Sontonga, mwalimu wa shule mjini Johannesburg, alitunga wimbo wa sauti nne ambao sisi leo tunausimamia kwa heshima kila unapopigwa, kwa maneno ya Kiswahili, ukiwa wimbo wetu wa taifa. Mwaka 1939 Solomon Linda na wenzake walirekodi Mbube katika mji huo huo; wimbo ukaizunguka dunia, na Linda akafa maskini mwaka 1962. Waliorudi Tukuyu na Njombe na masanduku ya bati walikuwa wamezisikia sauti za namna hiyo katika kambi za migodi. Kwa hivyo, tunapotafuta ujamaa kati ya kinyozi wa Marekani na kwaya ya Mbeya, hatuubuni. Mto ni mmoja, ila maji yamepita katika nchi nyingi.

Sasa tuutazame mpango wa kwaya yenyewe, kwa kuwa ndani ya mpango huo ndimo siri ya umri wake mrefu ilimo.

Usharika mmoja wa Kilutheri mjini Iringa au wa Kimoravian mjini Mbeya aghalabu huwa na kwaya kadhaa: kwaya kuu, ambayo ndiyo ya wazee na nyimbo za kitabu, kwaya ya vijana, kwaya ya akina mama, kwaya ya uinjilisti, inayotoka nje kuhubiri, na mara nyingi kundi la tarumbeta. Kila moja ni jamhuri ndogo. Ina mwenyekiti, katibu na mweka hazina, waliochaguliwa kwa kura na kwa muda maalumu. Ina mlezi, mtu mzima anayeheshimika, kazi yake kupatanisha. Ina mwalimu, ambaye hachaguliwi kwa kura bali kwa sikio lake, na kila sauti ina kiongozi wake. Sauti ya kwanza na ya pili ni za wanawake, ya tatu na ya nne ni za wanaume. Wimbo wenyewe hukaa juu, katika sauti ya kwanza. Hapo ndipo inapotofautiana na desturi ya kinyozi, ambako wimbo hukaa ndani, katika sauti ya pili kutoka juu, na ile ya juu ni pambo tu.

Mwanachama mpya hupimwa sauti, husomewa kanuni, hulipa ada na kushona sare. Anayechelewa hutozwa faini. Anayekosa mazoezi mara kwa mara hukaa benchi la wasikilizaji hadi atakaposamehewa. Fedha za faini hazipotei. Mwanakwaya akifiwa, kwaya hufika na rambirambi, hulala matanga na kuimba kaburini. Akioa, kwaya ni ukoo wa pili. Akiugua, zamu hupangwa. Kijana aliyetoka Makete au Ludewa kuja mjini kutafuta kazi, asiye na ndugu, hupata ndugu arobaini siku anapopokewa. Wengi wameipata nyumba ya kupanga, kazi na hata mchumba kwa njia hiyo. Msomaji wa Unguja asicheke. Klabu zetu za taarabu, kuanzia Ikhwan Safaa ya mwaka 1905, ziliendeshwa kwa ada, daftari, sare na ushindani wa namna hiyo hiyo, na mtu alijulikana mjini kwa klabu yake.

Tofauti iko katika sauti. Taarabu, hata ikiwa na fidla kumi na mbili, husafiri katika njia moja: mwimbaji anatangulia, ala zinamfuata zikimpamba, waitikiaji wanaungana naye katika tuni ile ile. Utamu wake ni wa mstari, kama hati nzuri ya Kiarabu. Utamu wa kwaya ni wa nguzo: sauti nne zinasimama moja juu ya nyingine kwa wakati mmoja, na msikilizaji anausikia mnara. Kwa mnara huo lugha yetu ina kipaji ambacho Mwingereza hana. Waimbaji wa desturi ya kinyozi hutumia saa nyingi kusawazisha vokali, maana vinywa vinne vikiitamka vokali moja kwa namna nne, mpatano huchafuka. Kiswahili kina vokali tano tu, safi, na karibu kila silabi huishia kwa mojawapo. Kile kinachotupa vina katika ushairi ndicho kinachowapa wanakwaya mpatano.

Uhuru uliitoa kwaya kanisani bila kuiondoa kanisani. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, kwaya zilianzishwa shuleni, viwandani, katika kambi za Jeshi la Kujenga Taifa na matawi ya chama. Mwalimu yule yule aliyefundisha nyimbo za Jumapili alifundisha Jumatatu nyimbo za kilimo na ujamaa, mara nyingine kwa tuni ile ile. Kwaya ikawa gazeti la asiyesoma gazeti. Wako wanaozidharau nyimbo hizo kwa kuwa zilisifu mno, na kweli zilisifu. Lakini zilizoea pia kuonya: mlevi, mla rushwa, mwenyekiti mvivu walisikia habari zao kwa sauti nne hadharani. Baadaye ukimwi ulipozifikia njia kuu za Makambako na Mbeya, kwaya ndizo zilizotamka waziwazi yale ambayo familia ziliyanong'ona, maana ndizo zilizokuwa zikiitwa makaburini kila wiki.

Hatari ya leo haikuja na mzungu wala na siasa. Imekuja katika sanduku dogo lenye waya. Tangu studio zilipozidi, kwanza za kaseti na kisha za video, kwaya nyingi zimenunua kinanda cha umeme, na kinanda hicho huja na mapigo yaliyokwisha kupangwa kiwandani. Mwalimu hubonyeza kitufe, ngoma inalia, gitaa linalia, na waimbaji wanahitaji tu kuifuata. Sauti ya tatu ikikosea, hakuna atakayesikia. Baada ya miaka michache sauti ya tatu huacha kujifunza. Nimesikiliza kanda za kwaya moja za miaka tofauti, na niliweza kuihesabu hasara hiyo kwa masikio: nne zikawa tatu, tatu zikawa mbili, na mwisho wote wanaimba tuni moja huku mashine ikiwajazia mnara.

Sisemi kinanda kivunjwe. Kila kizazi kina haki ya ala yake. Udi na kanuni navyo vilikuja kwetu majahazini. Ninachosema ni kwamba, wakati mashine inaingia, madaftari yanatoka. Walimu wa zamani wa Rungwe, Mbozi, Kidugala na Iringa wanazeeka na kufa, na madaftari yao ya do, re, mi hufungiwa maandazi au huliwa na mchwa. Ndani ya madaftari hayo mna nyimbo za misiba ya mahali, za njaa, za kuvuka mto kwenda migodini, zilizotungwa katika lugha ambazo hazina vitabu vingi. Ushirika wa Dayosisi ya Iringa na makanisa ya Minnesota, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1980, umewaleta Wamarekani wengi wanaokaa katika benchi za vijijini wakisikiliza. Tusingoje mgeni ndiye aje kuzinakili, kisha tukanunue kwake kumbukumbu zetu. Yaliyompata Linda, na yaliyowapata vijana wa kwa kinyozi, yatutoshe kuwa funzo.

Kazi ni mbili. Ya kwanza ni ya wenyewe: kila usharika una katibu wa kwaya na kila katibu ana simu yenye kamera; siku moja ya kupiga picha kurasa za daftari la mwalimu mzee, na siku ya pili ya kumrekodi akiimba kila sauti peke yake, zingeokoa mengi. Ya pili ni yetu, tunaojiita wapenzi wa ushairi. Kwaya zina kiu ya maneno. Zinayo makoo, zinazo sauti, ila mara nyingi maneno yao ni ya kuazima na yamebanwa mahali pasipoyafaa. Mshairi wa pwani anayejua mizani na anayejua mahali pa mkazo, akikaa siku tatu na mwalimu wa kwaya wa Mbeya, angejifunza jinsi neno linavyosimama likiwa na sauti nne mgongoni, na mwalimu angejifunza kwa nini silabi ya mwisho ya Kiswahili haipendi kupigwa nyundo. Sijui mkutano gani wa bara na pwani ungekuwa na faida zaidi ya huo.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Mwimbaji mmoja naye, hata awe hodari wa kiasi gani, hawezi kuijenga nguzo ya sauti nne peke yake. Lazima awangojee watatu. Kungojea huko, Wanyakyusa walikuwa na jina lake tangu kale.